Chokaa kwenye Shina la Jabotikaba

Kwa miaka kumi na mitatu Epiphanie aliwaambia majirani kwamba mti ule wa uani kwake ni mzabibu, na kwa miaka kumi na mitatu majirani walimcheka. Mzabibu hutambaa, walimwambia. Mzabibu hutaka nguzo na waya. Huu wa kwake ulisimama wenyewe, haujafika paa la jiko, umejaa matawi tangu karibu na ardhi, majani yake madogo yamechongoka, na gome lake jembamba likibanduka vipande vipande kama la mpera. Wapo waliosema ni mpera hasa. Mpasua mbao mmoja aliyewahi kufanya kazi msituni alisema ni mti wa kuni, tena wa kuni mbaya. Na jambo ambalo lingemaliza ubishi halikutokea: mti haukuzaa. Haukutoa tunda wala ua, ila majani tu, na miaka ya karibuni hata majani yalikuwa yakigeuka manjano, mishipa peke yake ikibaki kijani.

Mzaha ule uliuma kwa sababu Epiphanie alikuwa mwuza matunda. Kila asubuhi isipokuwa Jumapili alivuka mpaka wa Petite Barrière kuingia Goma akiwa na beseni kichwani: parachichi, marakuja, ndiyo pasheni, na vinyomoro, yale matunda mekundu yenye umbo la yai ambayo watu wa Goma husaga juisi. Aliweza kubonyeza parachichi kwa kidole gumba na kukuambia litaiva siku gani. Wanawake wenzake wa mpakani walimwita Agronome, yaani bwana shamba, nusu kwa heshima na nusu kwa utani. Na Agronome huyu alikuwa na mti nyumbani kwake usiojulikana hata ni kitu gani.

Alizaliwa Masisi, upande wa Kongo, kwenye vilima vya ng'ombe na jibini, ambako baba yake alikuwa na miparachichi kumi na miwili na mipichi minne. Mwaka familia ilipoondoka kwa miguu kuja Rwanda, Epiphanie alikuwa na miaka kumi na tisa, na mipichi ilikuwa imejaa matunda mabichi. Hakuna aliyeyala, au waliyala wengine. Baada ya hapo alipanda miti kila alikokaa. Mahoko, katika nyumba ya kupanga nyuma ya soko, alipanda marakuja akahama kabla hayajatoa ua. Mjini Gisenyi, karibu na kituo cha mabasi, alipanda mparachichi. Mwenye nyumba akauza kiwanja. Sehemu ya tatu alipanda mlimau, na sasa akipita njia ile huona watoto asiowajua wakichuma. Mwanamke aliyefikisha miaka hamsini na mbili, aliyebeba kichwani matunda ya nusu ya wilaya, hakuwa amewahi kula tunda la mti alioupanda kwa mkono wake.

Kwa hiyo yeye na mumewe Habineza waliponunua kiwanja chao juu kidogo ya mji, kitu cha kwanza alichofanya, kabla jiko halijawekwa mlango, ilikuwa kupanda. Mche wenyewe aliupata mpakani. Mtunza bustani wa nyumba moja ya masista Goma, mwanamume mrefu aliyeitwa Wenceslas, alitaka kikapu cha vinyomoro naye akawa na miche kwenye mkokoteni. Sista mmoja kutoka Brazili alikuwa ameiotesha kwa mbegu, kisha akarudi kwao, na miche ikazidi nafasi. Wakabadilishana, kikapu kwa mche. Wenceslas alisema ni zabibu ya kwao na sista, na kwamba mama awe na subira. Angesema zaidi, lakini foleni ilisogea na watu wakawasukuma kila mmoja upande wake.

Epiphanie aliutunza mche ule kama anavyotunza kila kitu, yaani kwa usafi. Na mtaa wao ulikuwa mtaa wa usafi kwelikweli. Mawe ya kando ya njia yalipakwa chokaa, kingo za mifereji zilipakwa chokaa, na mashina ya miti yalipakwa chokaa mpaka kiunoni, hata ukisimama barabarani ungedhani miti yote imevaa soksi. Mti wenye shina jeupe ulionekana kuwa una mwenyewe. Kila mwaka yalikuwapo mashindano kati ya isibo na isibo, ndiyo makundi madogo ya kaya jirani, na isibo yenye uchafu iliimbwa kwa dhihaka mwaka mzima. Epiphanie hakuishia kiunoni. Kwanza alikwangua gome linalobanduka kwa mgongo wa kisu mpaka shina likawa laini kama mguu wa meza. Kisha alichanganya chokaa na chumvi kidogo ili ishike, akapaka mara mbili, kuanzia ardhini hadi kwenye matawi manene. Chokaa iliyobaki ndooni aliimwaga shinani isipotee bure. Kila wiki aliongeza majivu ya jikoni, kama mama yake alivyofanya kwenye migomba, na kwa jembe alipalilia chini ya mti mpaka udongo ukabaki mtupu. Mara mbili ua wake ulitajwa kuwa safi kupita zote. Mara ya pili alipewa beseni.

Mambo yalibadilika Jumapili moja ya mwezi wa tisa, baada ya misa. Habineza alikuwa karani wa masijala katika ofisi ya wilaya, mtu mpole, mpenda mistari iliyonyooka, aliyebakiza miaka mitatu kustaafu. Matetemeko ya volkano yalikuwa yameangusha ukuta wao wa nyuma, na tangu siku ile alikuwa akiutazama uwazi uliobaki kama mtu anayesoma tangazo. Sasa alikuwa amepata alichokisoma. Angejenga vyumba viwili vya kupangisha, na kodi yake ndiyo ingekuwa fimbo yake ya uzeeni. Fundi Sibomana alikwisha kuja kupima. Msingi ungeanza mwezi wa sita, mvua zikiisha.

"Wapi?" Epiphanie aliuliza.

Habineza aliinua kidevu kuelekea kwenye mti.

Nyumbani kwao walizungumza Kinyarwanda. Wakigombana walihamia Kiswahili cha Goma, walikojuana, na hapo ndipo walipohamia.

"Ule muti ni wangu, Baba Uwineza."

"Ni wako. Nani anakataa? Lakini unatusaidia nini? Tunda hapana, kivuli hapana, hata jina hapana. Mi niko masijala miaka makumi mbili na nane. Kitu haina jina, sijui pa kuiweka."

"Na ikipata jina?"

"Jina haitoshi. Ilete tunda."

"Moja?"

"Moja tu," Habineza alisema, akicheka, kwa kuwa hakuona hatari yoyote. "Ilete tunda moja mbele ya Sibomana kufika na kamba yake, tutaongea."

Hivyo Epiphanie akawa na miezi tisa, na hakujua hata anachokisubiri ni nini.

Alianza kwa binti yake. Uwineza alikuwa akifanya kazi katika hoteli moja Kigali, na simu yake ilikuwa na programu ya kutambua mimea kwa picha. Epiphanie alimpelekea picha ya jani, ya tawi na ya shina jeupe. Simu ilisema ni mpera. Alipopeleka picha nyingine, ikasema ni mkarafuu. Epiphanie alikasirika, akisema hata mpasua mbao alikuwa na adabu zaidi, maana yeye alikosea mara moja tu. Lakini Uwineza alikuwa amefikiri. Alimweleza mama yake kwamba mpera na mkarafuu ni wa ukoo mmoja, na simu ikikosea mara mbili ndani ya ukoo uleule, basi inanusa kitu. Alimwomba atazame kama majani yanatoka mawili mawili yakitazamana, na avunje moja anuse. Epiphanie akaenda uani na simu sikioni. Majani yalitazamana. Alipolisaga moja kati ya vidole, harufu ilikuja, hafifu lakini ipo, kama ya majani ya mpera yaliyochemshwa jana. Gome nalo lilikuwa la ukoo ule. Kwa hiyo majirani waliosema mpera hawakuwa wajinga kabisa. Walimtambua binamu wakamkosa mwenyewe.

Jina kamili angelijua mtu mmoja tu, kama bado yuko hai.

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi aliuza vitu vyake upesi, hata kwa bei ya kutia aibu, akachukua pikipiki hadi upande wa ziwani. Nyumba ya masista ilikuwa nyuma ya ukuta wa mawe meusi ya volkano. Wenceslas alikuwapo. Alikuwa amezeeka na kupinda kidogo, na hakumkumbuka Epiphanie hata chembe, wala kikapu, wala foleni. Lakini aliposikia habari ya miche ya sista wa Brazili, alifuta mikono kwenye suruali na kumwambia amfuate nyuma ya jiko.

Kitu cha kwanza alichodhani Epiphanie ni kwamba mti umeshambuliwa na wadudu. Shina lote, kutoka chini hadi kwenye matawi, lilikuwa limejaa viduara vyeusi vinavyong'aa, kama mende wakubwa waliojazana kwenye gome. Alirudi nyuma hatua moja. Wenceslas alicheka, akang'oa mende mmoja, akamwekea kiganjani. Lilikuwa tunda. Halikuwa na kikonyo. Lilikuwa limekaa juu ya gome lenyewe, kama kifungo juu ya koti.

"Jabotikaba," mzee alisema polepole, kama alivyofundishwa. "Sista alikuwa anaita hivyo. Finya na meno, unyonye. Ngozi uteme kama haupendi."

Epiphanie alifinya. Ganda lilipasuka na nyama nyeupe ikaruka mdomoni, tamu, yenye ukali mdogo nyuma ya ulimi, na mbegu mbili katikati. Alisimama akilipima. Ni kweli lilifanana na zabibu, lakini lilikuwa na kitu cha ziada, na ganda lilikausha mdomo kama pera bichi. Alikula la pili, la tatu. Mwuza matunda ndani yake aliuliza mara moja linakaa siku ngapi, na Wenceslas akajibu kwamba hilo ndilo tatizo, siku tatu linaanza kuchacha, ndiyo maana hulioni sokoni. Ni tunda la mtu mwenye mti.

"Wako inazaa?" mzee akamuuliza.

"Hata mara moja."

"Unachunga namna gani?"

Epiphanie alimweleza, na hakuweza kuzuia fahari kidogo. Alieleza kisu kinavyokwangua, chokaa inavyochanganywa na chumvi, mikono miwili ya rangi mpaka kwenye matawi, majivu ya kila wiki, jembe. Alitaja na beseni. Wenceslas alisikiliza hadi mwisho, akauweka mkono wake kwenye shina kati ya matunda.

"Mama, unaona tunda inatokea wapi?"

"Kwa shina."

"Kwa ngozi ya shina. Pale pale ilipozaa mwaka huu, mwaka ingine inazaa tena. Sasa wewe kila mwaka unachuna ngozi, kisha unaifunika na chokaa. Ua ipite wapi?"

Epiphanie aliliangalia shina lile la kahawia, chafu, lenye magamba na mabaka, shina ambalo mtaani kwake lingemletea mtu aibu, na akaona miaka yake yote ya kisu. Alikuwa akiyakata matunda yake mwenyewe kabla hayajawa matunda. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mvivu. Mti ule ungezaa zamani kwa mtu asiyejali.

Saa zilikuwa zimekwenda, na mpaka hufungwa saa tisa alasiri, basi Wenceslas alimpa masharti yaliyobaki wakitembea haraka kuelekea getini. Mti huu hupenda udongo wenye uchachu. Chokaa na majivu huuharibia chakula, ndiyo maana majani yanakuwa manjano. Mizizi yake iko juujuu kama nywele, kwa hiyo jembe marufuku. Unapenda maji kuliko mti mwingine wowote anaoujua, lakini si kusimama kwenye dimbwi. Ufunikwe chini, usiachwe uchi. Na zaidi ya hapo, mzee alisema akifungua geti, uachwe.

Kuacha ndiko kulikomshinda Epiphanie kwa wiki za kwanza. Aliosha shina kwa kitambaa laini na maji ya mvua, kidogo kidogo kwa siku sita, kwa sababu alitaka kuing'oa chokaa yote siku moja na alijua mkono wake ungeliumiza gome. Palipokataa aliacha. Alipiga magoti akaondoa kwa vidole udongo wa juu uliokuwa mweupe na mgumu, akakutana na mizizi myembamba kuliko uzi, akaogopa kupumua. Mwanamke mmoja wa soko la Mahoko, ambaye kaka yake alifanya kazi mahali pa kuoshea kahawa, alimletea magunia matatu ya maganda ya kahawa yaliyokwisha kuoza. Epiphanie aliyachanganya na majani makavu, akayatandaza chini ya mti unene wa kiganja, akiacha nafasi ndogo kuzunguka shina lisije likaoza. Kila jioni akitoka mpakani alimwaga ndoo mbili za maji ya mvua kutoka kwenye pipa. Kisu alitumia mara moja tu, kuondoa vitawi vikavu vya ndani ili hewa ipite. Majivu alimpa jirani mwenye migomba.

Habineza aliyaona yote. Asubuhi, kabla ya ofisi, alisimama uani na mswaki mdomoni akiutazama mti kwa mbali, kama mtu anayepita.

Mwezi wa kumi na mbili majani mapya yalitoka, laini, yenye rangi ya waridi iliyofifia, na Epiphanie alipiga simu Kigali kumweleza Uwineza kana kwamba mtu amejifungua. Mwezi wa pili mti ulikuwa wa kijani kuliko ulivyokuwa kwa miaka mitano. Lakini shina lilikuwa la kahawia, limejaa mabaka, na gome lilianza tena kubanduka. Hilo ndilo mtaa mzima uliloliona.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tatu, siku ya umuganda, yaani kazi za pamoja za mtaa, watu wa isibo walipanda njia na ndoo za chokaa wakijiandaa kwa mashindano. Mbele alikuwa Pascasie, kiongozi wa isibo, mwanamke mwenye sauti ya kusikika hadi ziwani, rafiki wa Epiphanie tangu siku walipokaa hema moja wakitoka Kongo. Alisimama mbele ya mti.

"Mama Uwineza, isibo yote iko nyeupe. Kwako tu ndiyo tunaona kitu kama mutu mwenye upele."

Epiphanie alieleza habari ya ngozi na ua. Watu walisikiliza kwa adabu, na mtu mmoja nyuma akacheka. Pascasie alisema sawa, mti utapumzika mwaka ujao. Mwaka huu wapake kidogo tu, chini, kwa ajili ya alama. Wenzao wameamka saa kumi na mbili kupaka mawe. Si haki mtu mmoja awaangushe wote kwa sababu ya zabibu ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Maneno yake yalikuwa ya kweli, na ndiyo maana yalikuwa magumu. Epiphanie aliahidi kupaka ukuta, mawe, choo, na mfereji hadi kwa jirani wa tatu.

"Hata mimi munipake kama munataka," alisema. "Muti hapana."

Watu walicheka, isipokuwa Pascasie. Alishika ndoo yake akaondoka, na kwa wiki mbili salamu yake ilikuwa fupi, ile ya kumsalimia mtu wa ofisini.

Kisha mvua kubwa zilikuja. Zilinyesha siku tisa karibu bila kupumua, ziwa likawa na rangi ya chai ya maziwa, na biashara ya mpakani ikawa ya matope. Siku ya kumi jua lilitoka. Pascasie alikuwa akipita njiani na mwavuli uliofungwa. Aliangalia kupitia geti, akasimama.

"Asante, dada," aliita, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Nimeona umekubali. Umepaka vizuri hata."

"Sijapaka kitu."

"Naona mweupe kutoka hapa."

"Ingia basi, uone vizuri."

Pascasie aliingia. Shina lilikuwa jeupe kweli, kuanzia chini hadi kwenye matawi manene. Alisogea hadi pua yake ikakaribia gome, na hapo akaona kwamba weupe ule ni maua: vishada vidogo vya nyuzi nyembamba kama pamba iliyochambuliwa, vimeota moja kwa moja kwenye gome, na nyuki wakitembea juu yake. Alinyoosha kidole, akakirudisha kabla hakijagusa.

"Donc, miaka yote ile," alisema, kisha akanyamaza, jambo ambalo Epiphanie hakulikumbuka kutokea kabla. Alipopata sauti yake aliitumia ipasavyo. Kufikia jioni nyumba zote za isibo zilikuwa zimesikia, na atakayeleta ndoo ya chokaa karibu na mti ule alijua atajibizana na nani.

Maua yalikaa siku chache tu. Yalipoanguka yaliacha vipunje vya kijani vidogo kama dengu. Vikavimba hadi kuwa kama mbaazi. Upepo wa usiku mmoja uliangusha vingi, na Epiphanie aliviokota asubuhi akaviweka kwenye sahani bila kujua avifanyie nini. Vilivyobaki viliendelea kukua. Alipiga kichwani hesabu aliyopewa na Wenceslas, kama wiki sita tangu ua: vingeiva wiki ya kwanza ya mwezi wa sita. Ingekaribiana sana na siku ya msingi, lakini ingewezekana.

Ila Sibomana alikuja mwezi wa tano. Lori lilimwaga mawe meusi mbele ya geti Ijumaa, na Jumatatu asubuhi fundi mwenyewe aliingia uani na kamba, vigingi na nyundo. Alikuwa amepata kazi kubwa Musanze, alieleza. Ama aanze sasa, ama wamsubiri hadi mwezi wa nane. Yeye kwake ni sawa. Alitazama mti kwa jicho la mtu anayepima muda wa shoka.

Epiphanie alikuwa amekwisha kufunga khanga ya kubebea beseni. Aliifungua, akaketi kwenye ngazi ya jiko. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, foleni ya mpakani ingesogea siku ya kazi bila yeye. Habineza alitoka ndani akiwa amevaa shati la ofisini, mswaki mkononi.

"Uliniambia tunda moja, Baba Uwineza," alisema Epiphanie. Hakuinua sauti. "Iko pale. Lakini haijaiva. Ukitaka kusema tunda bichi si tunda, sema sasa, mi nisikie."

Habineza alikwenda hadi kwenye mti. Aliinama, akainamisha kichwa upande mmoja kutazama chini ya tawi.

"Moja nilisema. Unajua ziko ngapi?"

"Sijahesabu. Niliogopa."

"Mia moja na kumi na saba," alisema Habineza. "Juzi zilikuwa mia na makumi mbili na mbili. Tano zimeanguka na mvua ya jana. Ya huku chini, ya upande wa jiko, imeanza kuwa nyekundu. Wewe hauwezi kuiona ukiwa umesimama."

Epiphanie alimtazama. Aliuona mswaki, akakumbuka asubuhi zote zile za mtu aliyesimama uani kama anayepita. Alitaka kumcheka, akashindwa.

Sibomana aliuliza basi kigingi akipige wapi. Habineza alitaka kujua kama vyumba vinaweza kugeuzwa, vikae kwa urefu kufuata mstari wa ukuta wa nyuma ulioanguka. Fundi alipima kwa hatua, akarudi, akasema inawezekana, ila cha pili kitakuwa kidogo, cha kitanda kimoja na meza. Habineza alipima kwa macho nafasi iliyopungua. Ilikuwa sehemu ya fimbo yake ya uzeeni, na Epiphanie alijua hivyo, akamwachia nafasi ya kufikiri.

"Mwanafunzi anahitaji kitanda moja na meza," alisema mwishowe. "Bon. Geuza."

Sibomana alivuta kamba upande mpya, akaweka ncha ya kigingi ardhini, akainua nyundo.

"Hapana," alisema Epiphanie, akisimama. "Mizizi yake iko juujuu. Sogeza hatua moja."

Fundi alimtazama mume. Habineza alipiga hatua moja kuelekea ulipokuwa ukuta, akatazama nyuma kwenye mti, akapiga nyingine nusu.

"Weka hapa," alisema.